Kitambaa Kimefika

Jumatatu, 3 Machi

Semina imeisha. Kutwa nzima ukumbi wa juu, viti vya plastiki, feni moja inayozunguka kama imelazimishwa. Mtaalamu wa kampuni ya jumbe za simu (nimemwita Bwana Kufuli, maana neno hilo amelitaja mpaka nikaacha kuhesabu) anasema hakuna tena kupigia wagonjwa simu. Kompyuta itawakumbusha yenyewe. Ujumbe unafungwa kwa kufuli hapa kliniki, unafunguliwa kwenye simu ya mgonjwa, na katikati hakuna wa kuuchungulia. Hata kampuni. Hata serikali. Hata yeye! Hapo akajipiga kifua.

Niliuliza swali moja tu. Na ile penseli?

Hakuelewa. Nikamwonyesha kadi. Kila kadi ya Chumba Namba Tisa, kona ya juu kulia, ina maneno mawili matatu ya penseli: uongo ambao mgonjwa aliuchagua mwenyewe siku ya kwanza. "Viatu viko tayari." "Mwalimu wa mtoto." "Kikao cha akina mama." Wa Chumba Tisa ni wa uzazi wa mpango, na nusu yao nyumbani hawajasema. Kwa hiyo nikipiga, akipokea mume, akipokea mama mkwe, mimi ni mwalimu, mimi ni fundi viatu. Miaka kumi na moja nimewadanganya watu kwa adabu na hakuna aliyenishtukia.

Bwana Kufuli akatabasamu. Mfumo hauna sehemu ya penseli, akasema. Na hauihitaji.

Sista wa Chumba Tisa akafurahi — sasa tunaweza kuandika wazi, mgonjwa aelewe anachoitiwa! Daktari mkuu akapitisha palepale. Makofi. Na mimi nilipiga.

Jumatano, 5 Machi

Namba mia sita na arobaini. Nimeziingiza moja moja toka asubuhi. Macho mekundu, kidole cha shahada hakinyooki.

Saa sita nikafika kadi ya wifi yangu. Kona ya juu, mwandiko wangu: "Kitambaa kimefika."

Wacha niandike hapa, maana sijawahi kuliandika popote. Ni mke wa kaka. Miaka miwili na kitu iliyopita alijifungua mtoto ambaye hakulia. Alitokwa na damu mpaka wauguzi wakaanza kunong'ona. Siku tatu hajitambui. Alipozinduka, daktari wa wodi akamwambia yeye, peke yake: kizazi kimeshonwa, ukibeba mimba kabla sisi hatujasema sawa kitapasuka, na safari hiyo hatutakuwahi. Alijaribu kumwambia kaka. Kaka akasema madaktari kazi yao kutisha watu, mwaka mmoja wa kupumzika unatosha. Mama akaongeza chumvi yake.

Mwaka haujafika nusu wifi akaja dirishani kwangu. Hakunisalimia kama wifi, alinisalimia kama karani. Nikamwandikia kadi. Sikuuliza kitu. Tulichagua kitambaa kwa sababu nyumbani kila mtu anajua sisi wawili ni wagonjwa wa vitambaa.

Sindano saba tangu siku ile. Kila miezi mitatu nampigia, "Wifi, kitambaa kimefika," naye anajibu, "Cha maua au cha mistari?" Tunacheka. Kaka akiwa karibu anasema sisi wanawake tutamfilisi kwa nguo.

Kaka yangu nampenda. Niliandike na hilo. Na kwa karibu miaka miwili, kila nikila kwake, nakula na uongo.

Ijumaa, 7 Machi

Ripoti ya kwanza. Jumbe zilizofika: hamsini na nane kwa mia. Zilizobaki nyekundu tupu. Wengi simu zao hazina data, au wamezima, au ni zile ndogo za vitufe. Daktari mkuu aliniita, akanigeuzia skrini. Huko juu wanaangalia safu ya kijani tu, karani. Akaniuliza kama nataka tuonekane hatufanyi kazi.

Nikampigia Bwana Kufuli. Ana haraka, yuko barabarani. Akasema kuna kisanduku chini kabisa ya ukurasa, kimeandikwa: Ikishindikana, tuma kama meseji ya kawaida. Weka tiki.

Nikamuuliza, hiyo ya kawaida ina kufuli?

"Mama, meseji ya kawaida ni meseji ya kawaida."

Nikaweka tiki. Mchana: tisini na saba kwa mia! Kijani mpaka macho yanauma. Daktari mkuu akanisifu mbele ya watu, akasema huyu mama ni mzee lakini moto. Mzee ni yeye. Ila nilifurahi — sitajificha humu — nilifurahi siku nzima.

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani kwa kaka. Mama anaishi hapo, chumba cha nyuma. Karakana ya kaka iko mbele, cheche za kuchomelea zimeandika vitone vyeusi ukutani. Sebuleni, pembeni ya kabati, kipo bado kile kitanda cha mtoto alichokichomelea mwenyewe, vyuma vyembamba, kila kona amekunja ua. Kila mwaka anakipaka rangi upya. Sasa hivi kimejaa nguo zisizopigwa pasi.

Kaka alikuwa na furaha, amepata kazi ya mageti. Akanitania: "Karani, hiyo kompyuta yenu itakuacha bila kazi, njoo nikufundishe kushika mashine." Mama akamkazia macho wifi tumboni, kama kawaida yake, akashusha pumzi ya kusikika mpaka jikoni.

Tukiosha vyombo wifi akaninong'oneza. Kitambaa lini?

Ishirini na moja. Nikamwambia safari hii sipigi, simu itakuletea yenyewe. Ujumbe umefungwa kwa kufuli.

Akafuta sahani. Akauliza, "Ufunguo anao nani?"

"Wewe tu."

Nilisema hivyo. Kwa sauti ya mtu aliyekwenda semina.

Ijumaa, 14 Machi

Vikumbusho vya wiki ijayo vimetoka saa moja asubuhi. Kijani. Nimekunywa chai nikiwa nimekaa — miaka kumi na moja sijawahi kunywa chai nikiwa nimekaa siku ya vikumbusho.

Jumamosi, 15 Machi

Mwandiko huu kama sio wangu.

Nilikuwa nafua. Kaka akaingia uani bila hodi. Amevaa aproni ya kazi, ile ya ngozi. Nikadhani mama amekufa. Akanyoosha simu. Ya wifi, niliijua kwa mpasuko wa kioo.

Skrini imefungwa, lakini ujumbe umejianika juu yake wote, herufi kwa herufi: Habari. Sindano yako ya uzazi wa mpango ni tarehe 21 Machi. Fika kliniki bila kukosa. Usijibu ujumbe huu.

Aliikuta jana juu ya kabati, inachajiwa. Hakuhitaji kufungua kitu. Aliinua tu aone saa.

Hakupiga kelele. Heri angepiga kelele.

"Ulijua?"

Nikasema nilijua.

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaangalia nguo zangu kwenye maji muda mrefu. Kisha akasema, polepole, kama anapima chuma: "Kwa hiyo kompyuta inaambiwa. Sista anaambiwa. Wewe unaambiwa. Mimi mume ndiye siambiwi."

Nikamwambia angekufa. Kizazi kitapasuka, kaka, daktari alisema. Akasema daktari hakumwambia yeye. Nikasema mke wako alikuambia. Akafuta kioo cha simu kwa aproni: "Nimekipaka rangi kile kitanda mara tatu. Mlikuwa mnaniangalia."

Nikatumbukiza mikono kwenye maji ya nguo.

Akaondoka na simu. Mlangoni akageuka akasema nisikanyage kwake. Na wifi hatatoka nje bila mama.

Sabuni imeniganda mikononi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefika kliniki kabla ya mlinzi wa zamu kufungua. Nikaingia kwenye mfumo, nikatafuta namba ya wifi. Ipo. Safu ya kijani. Lakini ukibonyeza ile kijani inafunguka, na ndani kuna maandishi madogo ya kijivu: "Kifaa hakina mtandao. Imeteremshwa kuwa meseji ya kawaida."

Imeteremshwa! Kwa hiyo wifi alizima data kubana matumizi, ujumbe ukagonga mlango wa kwanza, haukufunguliwa, ukavua kufuli ukaingia wa pili uchi.

Ungekuja kwa ile njia iliyofungwa, Bwana Kufuli alituonyesha, skrini ingesema tu "Una ujumbe mpya" mpaka aweke kidole chake. Ungekuja kwa maneno yetu ya zamani, ungesema kitambaa. Sista alibadilisha maneno kwa sababu ya kufuli. Mimi nikatoa kufuli kwa sababu ya kijani. Kila mmoja alikuwa na sababu.

Zilizoteremshwa tangu tarehe saba: mia mbili na kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili. Mia mbili na kumi na mbili zimejianika juu ya makabati ya watu.

Nikatoa tiki.

Kisha nikaenda kwa daktari mkuu nikamwambia yote. Kwamba ni mimi. Kwamba kisanduku nilikijaza kwa mkono huu. Akanisikiliza akichezea kalamu. Akauliza kama mgonjwa ameleta malalamiko kwa maandishi. Nikasema mgonjwa amefungiwa ndani. Akasema basi malalamiko hayapo. Akaniambia nisijitie kitanzi kwa kiherehere, haya ni mambo ya kampuni, niwapigie.

Nimekwenda kukiri kosa, nimerudishwa nalo mkononi kama barua isiyo na anwani.

Jumanne, 18 Machi

Kutwa kwenye simu. Naandika nisije nikadhani niliota.

Bwana Kufuli: kufuli letu halina kasoro hata moja, mama. Ujumbe ukishateremshwa sio wetu tena. Kuteremka ni utaratibu wa kimataifa, simu zote ziko hivyo. Uliza kampuni ya simu.

Kampuni ya simu, baada ya muziki wa dakika arobaini: sisi tunapitisha tu meseji. Skrini inaonyesha nini ni shauri la waliotengeneza simu. Mgonjwa angebadilisha mipangilio.

Waliotengeneza simu hawana namba. Wana ukurasa. Ukurasa unauliza kama majibu yao yamenisaidia, ndiyo au hapana.

Mamlaka ya mawasiliano: dada mmoja mpole, alinisikiliza kweli. Akasema mwongozo wa jumbe za afya upo, bado ni rasimu, unasubiri maoni ya wadau. Nikamuuliza wadau ni nani. Akasema, kwa mfano, kliniki kama yenu. Kwa sasa anayetuma ndiye anayewajibika.

Anayetuma ni nani? Akasema inategemea na mkataba.

Mkataba uko kwa daktari mkuu. Kabati limefungwa, ufunguo haujulikani ulipo.

Nimepigwa danadana siku nzima na mpira umerudi miguuni kwangu. Afadhali. Ila hakuna anayetaka nikiri kuwa ni wangu!

Ijumaa, 21 Machi

Leo ndiyo tarehe.

Sista alichora mstari kwenye kadi ya wifi asubuhi, nikaona. Nikamvuta pembeni. Akasema kwa taratibu zetu tunavumilia siku kumi na nne. Akipita hapo ni kubahatisha. Akahesabu kwa vidole: tarehe nne Aprili, Ijumaa, mwisho.

Nikamwomba twende naye nyumbani kwa kaka, na sindano kwenye kikapu. Akanishika bega. Anasema moyo wake unataka, lakini daktari mkuu amekataza mtu yeyote kufuata wagonjwa wa Tisa majumbani tangu jambo hili. Kulinda siri zao.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, watu wakageuka kwenye benchi.

Saa kumi nikaenda peke yangu. Geti la kaka limefungwa kwa ndani. Mama akaja, akasimama upande wa pili wa vyuma. Sura yake imenywea. Akasema, "Mwanangu, hivi mimi nilikukosea nini?" Nikamwambia mama, atakufa. Mama akasema hakuna mwanamke anayekufa kwa kutaka mtoto. Wakati mimi nakumbuka kabisa alikuwepo! Aliosha yale mashuka kwa mikono yake, mara nne maji yakabadilika rangi.

Nyuma yake mlango wa sebule ulikuwa wazi. Pembeni ya kabati pamebaki alama nne za miguu ya chuma kwenye zulia. Kitanda hakipo. Nikauliza kiko wapi.

"Amekihamishia chumbani kwao," akasema.

Wifi sikumwona. Nilisikia tu mtu anakohoa ndani, mara moja, kwa makusudi. Nimeshika kikohozi hicho njia nzima.

Jumatatu, 24 Machi

Mama mmoja amekuja dirishani, miwani ya jua asubuhi. Akasema nifute namba yake. Tu. Hakusema kingine. Nikafuta. Akasubiri aone kwa macho yake ikifutika.

Jumatano, 26 Machi

Kikao cha ripoti. Kwa sababu tiki niliitoa, tumerudi hamsini na tisa kwa mia. Nyekundu. Daktari mkuu akauliza nani kachezea mfumo. Nikanyoosha mkono. Nikasimama kabisa nikasema mbele ya wote: mimi niliweka, mimi nimetoa, na kuna watu mia mbili na kumi na mbili wameanikwa, mmoja ni wa nyumbani kwetu.

Mtu akavuta kiti.

Daktari mkuu akamgeukia mwandishi wa kikao akamwambia aandike: "Kulijitokeza changamoto ya mtandao, inashughulikiwa." Hakuna jina. Hata langu hakulitaka. Nimeona watu wakiruka kimanga makosa yao, sijawahi kuona mtu akinyimwa la kwake.

Mchana nikafungua mfumo. Tiki imerudi. Sijui nani. Tunatumia wote neno la siri moja, limebandikwa chini ya kibodi kwa gundi. Nikaitoa. Nikaenda chooni. Niliporudi, ipo.

Ijumaa, 28 Machi

Zimebaki siku saba. Nilimtuma binti anayesukwa nywele na wifi akaulize kama wifi anasuka wiki hii. Amerudi: hasuki, anaumwa, kasema mama. Kibarazani kiti cha wifi cha kusukia kimegeuzwa miguu juu.

Sina njia. Nimekaa nikifikiria njia zote ambazo mtu anaweza kumfikishia mwenzake sentensi moja. Nikipiga, anapokea kaka. Nikiandika, anasoma kaka. Nikienda, ni mama na vyuma. Hatua mia tatu kutoka kwangu! Naweza kumtumia mtu aliyeko ng'ambo picha ya chakula changu. Wifi yangu siwezi kumwambia Ijumaa.

Nimekata tamaa. Ndivyo kunavyokuwa kumbe, sio kulia. Ni kukaa tu.

Jumatatu, 31 Machi

Mungu wangu!

Saa nane mchana, nakula mezani kazini. Simu ikatetemeka. Namba ya wifi, kwenye ile njia iliyofungwa.

"Wifi, nimerudishiwa simu. Usipige, mama yuko karibu anasikia. Niandikie huku huku. Alhamisi kaka yako anasafiri kufuata vyuma, anarudi Ijumaa usiku."

Niliangalia juu ya skrini kwanza. Alama ya kufuli ipo, ndogo, ya kijivu. Na yale maneno yao: hakuna anayeweza kusoma mazungumzo haya isipokuwa wewe na unayewasiliana naye. Nikabusu kioo. Sista alinikuta hivyo, akadhani nimepata mchumba.

Alhamisi ni tarehe tatu. Siku moja kabla ya mwisho. Kaka hayupo. Mama hulala tena baada ya chai ya asubuhi, wifi anaweza kutoka kwa kupitia karakana.

Nikaandika: "Pole wifi yangu. Umekula? Wanakufanyia vibaya?"

"Niko sawa," akajibu. "Niambie tu."

Nikaacha hapo kwanza. Nilikuwa nimeanza kuandika neno sindano, kidole kikakataa. Mazoea ya penseli. Nitafikiria niandikeje.

Jumanne, 1 Aprili

Sista amekubali. Atabaki Chumba Tisa peke yake Alhamisi saa nne, hatagusa kadi, hataandika popote. Dakika mbili zinatosha, amesema. Ameiweka chupa ya dawa kando, kwa jina la mtu asiyekuwepo.

Nimepita mtaa wa kaka kutoka kazini, upande wa pili wa barabara, kama mpita njia. Karakana imefunguliwa. Anachomelea geti, kofia ya chuma usoni, sikuweza kujua kama ananiona. Alisimamisha mashine kidogo. Kisha akaendelea.

Nilitamani kuvuka nikamsalimie. Ndugu yangu wa tumbo moja. Alinibeba mgongoni kwenda shule mwaka wa mafuriko. Yakiisha haya nitapiga magoti kwake, lakini yaishe wifi akiwa hai.

Jumatano, 2 Aprili

Saa saba kasoro. Niko mezani kwangu, dirisha nimelifunga kwa dakika hizi, watu wa foleni watanisamehe. Naandika hapa ili mikono iwe na kazi.

Saa sita na nusu nilimtumia. Nilichagua maneno ya zamani, ambayo hata yakianikwa sokoni hayamuumizi mtu:

"Wifi yangu, kitambaa kimefika. Njoo kesho saa nne asubuhi ukichukue. Nitakuwepo."

Umefika. Dakika mbili baadaye: umesomwa.

Nilisubiri lile jibu lake la siku zote, cha maua au cha mistari. Nilishaanza kutabasamu, mjinga mimi. Vinukta vitatu vikatokea, vikacheza, vikapotea. Vikatokea tena.

"Sawa. Chumba namba ngapi?"

Nimeisoma mara nyingi mno. Nimeweka simu kifudifudi, nimeigeuza, ipo vilevile.

Mimi sikuandika chumba. Duka la vitambaa halina vyumba. Na wifi hana haja ya kuuliza, amekaa kwenye lile benchi mara saba, anajua hata msumari uliochomoza unaochana nguo.

Kufuli bado lipo pale juu. Hakuna anayeweza kusoma isipokuwa mimi na yeye. Sikuuliza yeye ni nani. Hakuna aliyetufundisha kuuliza.

Kwa hiyo ile ya Jumatatu... "Niambie tu."

Na wifi je, anajua nimeandika? Yuko pembeni ya kaka, kalazimishwa kuweka kidole? Anakohoa?

Nimemwambia siku. Nimemwambia saa. Nimempa hata neno letu la penseli, lile tulilobaki nalo. Safari hii hakuna kisanduku, hakuna Bwana Kufuli, hakuna cha kuteremshwa. Ni mkono huu.

Sista amechungulia mlangoni, ananionyesha vidole vinne, saa nne, anatabasamu.

Vinukta vinacheza tena.

Vimesimama.

Simu inaita. Jina la wifi, na picha yake amevaa kile cha mistari. Foleni wanagonga kioo.

Inaita bado.